Herufi moja kati ya kukaimu na kukasimu

Ijumaa nilikuwa "dada". Jumatatu nikawa "bosi". Hakuna aliyewaagiza. Barua ya uteuzi ilitumwa Ijumaa jioni wakati watu wanafunga kompyuta zao, wakaisoma wakiwa nyumbani, na Jumatatu nilipoingia ofisini ile "dada, umeamkaje?" ya kila siku haikuwepo tena. Badala yake nikapokewa na "za asubuhi, bosi," na migongo ikanyooka kwenye viti. Sitawadanganya, niliipenda. Nilitembea hadi mezani kwangu taratibu kuliko kawaida.

Barua ilisema nitakaimu ukuu wa kitengo kwa miezi sita. Saa nne mkurugenzi akaniita, akanipa mkono, akasema, "Sasa mama, kazi yako ni moja tu. Ujifunze kukasimu." Nilidhani ulimi umemteleza. Nikamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo mzee, nakaimu kuanzia leo." Alinitazama kidogo, akacheka kicheko kirefu, akaniruhusu niende. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kilichomchekesha.

Kwa asiyekutana na maneno haya kila siku: kukaimu ni kushikilia nafasi ya mtu kwa muda, na kukasimu ni kumpa mtu mwingine sehemu ya madaraka yako ayatumie. Herufi moja inayatenganisha, lakini moja linachukua na jingine linatoa. Mwaka ule wa kwanza nilikaimu kweli kweli. Tatizo ni kwamba nafasi ya mkuu wa kitengo ilibaki wazi, maana mimi nilikuwa nakaimu nafasi za watu wangu wote wanane.

Kazi yetu ilikuwa takwimu. Mteja analeta data zake, tunazisafisha, tunazichambua, tunamwandikia ripoti. Mimi nilipandishwa kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi; faili lililomweka mtu siku mbili nililimaliza asubuhi moja. Kwa hiyo nilipopewa watu niliendelea na kile nilichokijua. Mtu akiniletea ripoti yenye kasoro sikuirudisha na maelezo, niliitengeneza. Kumweleza mtu kosa lake kunakula nusu saa, kulirekebisha mwenyewe ni dakika sita. Hesabu hiyo ni sahihi kwa ripoti moja. Kwa ripoti arobaini ni balaa, kwa sababu ya arobaini inakuja na kosa lile lile la ya kwanza, na wewe bado uko macho saa sita usiku.

Neno langu pendwa lilikuwa "niachie". Mtu anasimama mlangoni: bosi, mteja hajajibu barua pepe. Niachie. Bosi, namba za mwezi uliopita hazilingani na za mwezi huu. Niachie. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, William Oncken na Donald Wass, walilieleza jambo hili kwa mfano wa nyani: kila tatizo ni nyani aliyekaa mgongoni mwa mtu, na mkuu anapotamka "acha nilifikirie" nyani anaruka na kuhamia mgongoni mwake. Mfanyakazi anaondoka mwepesi, na kesho yake ndiye anayepita kwako kuuliza umefikia wapi. Ukiangalia vizuri, hapo nani msimamizi na nani msimamiwa? Mimi kufikia mwezi wa nne nilikuwa na nyani wa kutosha kufungua hifadhi.

Halafu kuna ujumbe wa usiku. Nilikuwa naandika kwenye kundi la kazi saa tano usiku na kumalizia na "si haraka, kesho tu." Jibu la kwanza lilifika saa tano na dakika mbili. Nikajisifu kwamba nina timu yenye moyo. Ni baadaye sana mmoja wao aliponisimulia, akicheka kwa tahadhari, kwamba mume wake alikuwa ameipa simu yake jina langu. Ikilia usiku humwambia, "Pokea, bosi wako huyo."

Sikuwa peke yangu katika ujinga huu, ingawa kujua hivyo hakunisaidii sana. Wachumi watatu, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha mwaka 2019 utafiti wao juu ya wauzaji katika kampuni zaidi ya 100. Waliona kwamba muuzaji hodari ndiye hupandishwa kuwa msimamizi, jambo ambalo halimshangazi mtu. La kushangaza ni kwamba kadiri alivyokuwa ameuza sana kabla ya kupandishwa, ndivyo mauzo ya watu aliokabidhiwa yalivyoelekea kushuka. Laurence Peter alikuwa ameshalisema hilo kwa kejeli mwaka 1969: mtu hupandishwa na kupandishwa mpaka afike pale asipopaweza, akaishia hapo. Nilipolisikia mara ya kwanza nililicheka kama kichekesho cha watu wengine.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Tulikuwa na ripoti ya mteja mkubwa. Jedwali kuu alilitayarisha binti aliyekuwa mgeni kuliko wote, mwaka wake wa kwanza kazini, mtu wa sauti ndogo na daftari lisilomtoka mkononi. Jumatatu usiku nikalifungua faili lake. Lilikuwa sahihi, ila halikunipendeza macho. Nikaongeza mistari ya jumla ndogo chini ya kila kundi ili lisomeke kwa urahisi, nikapaka rangi ya kijivu, nikahifadhi, nikalala. Sikuangalia fomula iliyokaa chini kabisa, ambayo ilikuwa inajumlisha safu nzima ya F. Kila namba ikawa inahesabiwa mara mbili: mara moja yenyewe, mara ya pili ndani ya jumla ndogo yake. Jumla kuu ikatoka mara mbili kamili ya ukweli. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Alhamisi tukawasilisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya skrini nikieleza kwa madoido jinsi mwaka ulivyokuwa mzuri, na mhasibu mmoja wa upande wa mteja, mzee mtaratibu ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akatoa simu yake, akafungua kikokotoo, akaanza kubonyeza. Anabonyeza, anainua macho kwenye skrini, anabonyeza tena. Nilijua kabla hajafungua mdomo. "Mama," akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, "mimi nikijumlisha hapa napata nusu."

Njiani kurudi ofisini nilisema neno ambalo bado linaniuma: "Mlilipitia faili hili kabla ya kuja?" M-li-li-pitia. Wingi. Kiswahili kinakupa kiambishi kidogo sana cha kujifichia. Wote wakatazama chini. Mchana nikafungua historia ya faili kutafuta ni nani aliyeharibu, nikakuta jina langu: Jumatatu, saa tano na dakika arobaini usiku.

Nikamwita yule binti. Nikamuuliza kama alikuwa ameliona kosa. Hakujibu. Alifungua daftari lake, akarudisha kurasa mbili, akaliweka mezani likinielekea. Ukurasa wa Jumanne. Kwa wino wa buluu: "Safu F, jumla mara mbili? Muulize bosi." Maneno hayo yalikuwa yamezungushiwa duara jekundu. Chini yake, kwa penseli, kama mtu aliyerudi baadaye: "Labda ana sababu yake."

"Samahani bosi," akasema. "Nilidhani ndivyo mteja alivyotaka."

Siku mbili nzima ukweli ulikuwa umekaa mita nne kutoka kwangu, umezungushiwa duara jekundu.

Labda ana sababu yake. Sentensi hiyo imewahi kugharimu zaidi ya aibu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana zikiwa ardhini, moja ya KLM, shirika la Uholanzi, na nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi ya hiyo. Sababu zilikuwa nyingi: ukungu mzito, uwanja uliofurika ndege zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka kwenye uwanja jirani, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini kuna kipande kimoja ambacho kila nikikifikiria mwili unanisisimka. Ndege ya KLM ilikuwa tayari inakimbia kuruka, na ile ya Pan Am bado ilikuwa mbele yake kwenye njia ile ile. Mhandisi wa ndege ya KLM alikuwa amesikia kitu redioni ambacho hakikumkalia sawa. Akauliza kama Pan Am hawajatoka njiani. Rubani mkuu, mmoja wa marubani wenye heshima kubwa kabisa katika shirika lake, mwalimu wa marubani wenzake, akajibu kwa uhakika kwamba wametoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Aliuliza, kumbuka. Hakukaa kimya. Aliuliza mara moja, kwa adabu, na jibu la mkubwa likafunga mjadala. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, NASA iliitisha warsha kuhusu ajali zilizotokana na namna watu wanavyofanya kazi pamoja ndani ya chumba cha rubani, na kutoka hapo yakazaliwa mafunzo ambayo leo marubani duniani kote huyapitia. Kinachonivutia ni kwamba yanawahusu wote wawili: mdogo afundishwe kusema mara ya pili na kwa sauti zaidi, na mkubwa afundishwe kusikia. Ofisini kwetu, mafunzo ya "kujiamini" huwa tunampeleka mdogo peke yake. Anarudi na cheti na sauti nzuri, anamkuta mkubwa yule yule.

Amy Edmondson wa Harvard aliligusa jambo hili kwa njia ya kinyumenyume. Miaka ya 1990 alikuwa anachunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini, akitarajia kwamba wodi zenye timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamletea kinyume: timu nzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Mtu mwingine angedhani ameharibu hesabu, na mimi kwa historia yangu ningekuwa wa kwanza kuangalia safu ya F. Alipochimba zaidi akaona kwamba timu zile zilikuwa zinayasema makosa yake. Kwingine yalikuwepo, yamefunikwa.

Nilipolielewa hilo nikarudi kichwani kwenye vikao vyangu vya Jumatatu. Vilikuwa vifupi na visivyo na matatizo. Nilikuwa namaliza na "kuna swali?", watu wanatikisa vichwa, tunatawanyika. Siku za kikao cha mtandaoni ilikuwa rahisi zaidi, kamera zimezimwa, vidole gumba vinane vinaniinukia kwenye skrini. Nilikuwa nawaambia wakuu wenzangu kwamba kitengo changu hakina kelele. Kuna msemo tunaoupenda, mkubwa ni jalala, na mara nyingi mkubwa huutamka kwa kujionea huruma: kila mtu anakuja kumtupia lake. Sasa fikiria jalala safi. Takataka hazijaisha mtaani. Watu wamepata pengine pa kuzitupa, au wanazilalia ndani.

Hata wenye akili nyingi wamejaribu kuliepuka hilo jalala. Mwaka 2002 Google waliamua kuondoa mameneja wa wahandisi wao, kila mtu ajitegemee. Jaribio lilidumu miezi michache tu. Watu walianza kumwendea Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, na maswali ya marejesho ya fedha na ugomvi wa wao kwa wao. Jalala lilikuwa limehamishiwa kwa mwenye nyumba.

Nilibadilika polepole na kwa shida, na sipendi makala zinazosimulia mabadiliko kama swichi ya taa. Jambo la kwanza lilikuwa kuacha kugusa faili za watu. Niliruhusiwa na nafsi yangu kuandika maoni pembeni, basi. Wiki ya pili nilifungua ripoti yenye aya ya kwanza mbovu mno, nikakaa na mikono mapajani kama mtu aliyekatazwa kujikuna. Niliandika pembeni: "Msomaji akisoma aya hii tu, atajua nini?" Ikarudi kesho yake ikiwa nzuri kiasi. Ingekuwa yangu ingekuwa bora. Ikaenda kwa mteja vile vile, na mteja akashukuru, na mimi nikaumia kidogo kwamba hakuona tofauti.

La pili, nikaacha kuuliza "kuna swali?" Swali hilo kwa Kiswahili cha ofisini maana yake ni "tumemaliza". Nikaanza kuuliza, "Kazi hii ikiharibika, itaharibikia wapi?" na kumtaja mtu kwa jina, nikianzia kwa mdogo kuliko wote, maana mkubwa akishasema hakuna anayesema kitu kipya. Mara ya kwanza palikuwa na kimya cha kutisha. Walidhani ni mtego, na walikuwa na haki. Mtu aliyewauliza "mlilipitia?" Alhamisi haaminiki Jumatatu kwa sababu amebadilisha swali. Ilichukua majuma mengi kabla mtu hajataja tatizo la kweli, na hata hapo alianza na dogo, la mashine ya kuchapa, kama anayechovya kidole kupima maji. Nilishughulikia ile mashine kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana.

Na jambo la tatu ni lile ambalo Alhamisi yenyewe ilinidai. Kwenye kikao kilichofuata nilisema mbele ya wote nane kwamba faili nililiharibu mimi, saa tano na dakika arobaini usiku, na kwamba "mlilipitia" yangu ilikuwa ya kujifichia. Sikupigiwa makofi. Mmoja alikohoa. Tukaendelea na ajenda.

Kuna hasara ambayo washauri wa uongozi hawaitaji, nayo ni huzuni. Nilikuwa nimezoea kwenda nyumbani nikiwa nimemaliza kitu kinachoonekana: jedwali, chati, ripoti yenye jina langu. Sasa siku nzima inaisha, nimezungumza na watu watano, nimemwondolea mmoja kikwazo kwa mhasibu, nimemsikiliza mwingine nusu saa nzima bila kumpa jibu, na nikiulizwa nimefanya nini leo sina cha kuonyesha. Nikasikia kwamba mmoja wao amesema bosi siku hizi hafanyi kazi. Kwa kipimo cha zamani alikuwa sahihi. Ufundi wangu nao ulianza kupata kutu. Juzi nilihitaji fomula ambayo zamani niliandika nikiwa nimefumba macho, nikalazimika kumuuliza kijana, akaniandikia akiwa anaongea na simu.

Nadhani ndiyo maana wengi wetu tunarudi kwenye faili za watu usiku. Tunasema ni kwa ajili ya ubora. Ukweli ni kwamba pale tunajua kwamba tunajua.

Kile cheo cha kukaimu kilithibitishwa baadaye, kwa barua yenye mistari miwili. Mkurugenzi aliponipa mkono safari hii hakusema kitu kuhusu kukasimu, alitabasamu tu, na mimi nikatabasamu.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kikao naye, nikiwasilisha makadirio ya mwaka ujao. Nilikuwa ukurasa wa nne. Yule binti, ambaye sasa ana wasaidizi wawili chini yake, akainua mkono, akaanza kusema kabla sijampa nafasi: "Bosi, hapo umekosea."

Masikio yangu yalipata moto. Miaka yote hii bado yanapata moto, sijapata dawa yake. Mkurugenzi akaweka kalamu chini. Nikasema, "Nionyeshe."

Akaja mbele na daftari. Tukaipitia hesabu mstari kwa mstari, sisi wawili tumeinamia kompyuta moja, kikao kizima kinatungoja, dakika kama kumi hivi. Namba ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni yeye. Alikuwa ameshika toleo la zamani la makadirio. Akanyanyuka taratibu. Chumba kizima kilikuwa kinaniangalia mimi, hakuna aliyekuwa anamwangalia yeye, na nilielewa kabisa kwamba wanasubiri kuona uso wangu utafanya nini.

"Sawa," nikasema. "Toleo hili nililisambaza jana usiku, nilipaswa kuwaambia. Ukurasa wa tano."

Alikuwa bado amesimama pale pale mbele, amefunua ukurasa mwingine wa daftari. Hata kutoka nilipokuwa niliiona ile rangi nyekundu.

"Huko pia nina swali," akasema.